Kete zilikutwa juu ya dari, yeye anashtakiwa kwa "kusafirisha"

Habari za kazi, wanasheria wetu. Naandika kutoka Makorora, Tanga. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26, ni fundi wa kuchomelea mageti. Amepanga chumba Ngamiani, nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi mmoja katikati, choo na bomba uani ni vya wote.

Mwezi uliopita, saa nne usiku, polisi waligonga. Walipekua chumba chake, hawakukuta kitu. Kisha mmoja akapanda kiti, akapenyeza mkono juu ya dari ya ukumbi, usawa wa mlango wake, akashuka na soksi nyeusi. Ndani wakahesabu kete 58. Mjumbe aliletwa baadaye, akakuta soksi iko mezani. Walichukuliwa wawili, yeye na jirani wa chumba cha mbele. Jirani aliachiwa kesho yake.

Kituoni alikaa siku tatu. Siku ya pili akatoa maelezo. Anasema aliambiwa akikubali kwamba huwa anavuta, kesi itakuwa ya matumizi tu na atalipa faini. Ni kweli huwa anavuta, sitaficha, lakini zile kete anaapa si zake. Akasaini.

Sasa yuko rumande Maweni. Hati ya mashtaka inasema "kusafirisha dawa za kulevya aina ya heroini, gramu 11.34", na imetaja Sura ya 95 na Sura ya 200. Hakimu alimwambia hatakiwi kujibu chochote. Tumeshahudhuria mara tatu, kila mara upelelezi haujakamilika.

Nje ya mahakama tumekutana na bwana anayejiita wakili. Anataka milioni 4, nusu sasa hivi, bila risiti. Anasema kuna mtu anamfahamu na kijana atatoka ndani ya wiki mbili. Mama yuko tayari kuuza kiwanja chake cha Pongwe. Je, mtu aliyekutwa nyumbani anasafirishaje? Dhamana ipo? Wakili wa kweli tumpate vipi?

Dada mwenye mashaka, Tanga

*

Pole dada, na umpe pole mama. Kwanza, kiwanja kisiuzwe wiki hii. Tutakirudia, kwa sababu huenda kina kazi nyingine.

Neno "kusafirisha" limewachanganya wengi kabla yenu. Kwenye Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, ambayo ndiyo hiyo Sura ya 95, neno hilo limepewa tumbo kubwa kuliko lilivyo mtaani. Limemeza kununua, kuuza, kugawa, kubeba, kuhifadhi, kutengeneza, kuingiza nchini, kutoa nchini, na hata kupatikana nazo tu. Mtu aliyelala kitandani kwake anaweza kushtakiwa kwa kusafirisha bila basi wala boti kutajwa. Kwa hiyo utetezi wa "hakuwa safarini" hausaidii kitu, na tunawaomba msipoteze muda nao kwa hakimu.

Kinachopanga uzito wa kesi ni aina ya dawa na gramu. Kwa heroini mstari uko kwenye gramu 200. Ikizidi hapo, adhabu ni kifungo cha maisha. Ikiwa ni 200 au chini yake, adhabu ya kusafirisha ni miaka 30, na hapo ndipo alipo mdogo wako. Chini kabisa kuna kosa jepesi zaidi, la kukutwa na kiasi kidogo kwa matumizi binafsi, ambalo lina faini au kifungo kifupi zaidi. Katika toleo la sheria la 2019 makosa hayo matatu yalikuwa vifungu vya 15, 15A na 17. Toleo la Marekebisho la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limesogeza namba katika sheria nyingi, hivyo mkisoma hukumu za zamani someni maneno ya kifungu, msifuate namba peke yake.

Hapa pana mtego ambao kijana wako ameshaukanyaga, na watu wengi huukanyaga. Anayesema "ni zangu za kuvuta" amekubali jambo moja kubwa: kwamba zilikuwa zake. Baada ya hapo sheria inamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha kwamba zilikuwa za matumizi yake na si za kuuza. Kete 58 zilizofungwa moja moja ni nyingi kuzielezea hivyo. Kwa upande mwingine, anayesema "sizijui" anauacha mzigo wote kwa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ithibitishe bila kuacha shaka ya maana. Njia hizi mbili haziendi pamoja. Kuwa mvutaji hakumfanyi mtu mwenye kila kete iliyofichwa kwenye nyumba ya vyumba sita, na wakili mzuri atavitenganisha vitu hivyo viwili asubuhi ya kwanza. Kwa hiyo kabla ya siku ijayo ya kesi, mwambieni asijadili habari za kete na mahabusu wenzake, wala asiandike barua yoyote ya kuomba radhi. Barua ya radhi ni ushahidi.

Kupatikana na kitu kisheria kunataka mambo mawili: ujue kipo, na uwe na uwezo juu yake. Dari la ukumbi wa nyumba ya Kiswahili linafikiwa na yeyote mwenye kiti. Ndiyo sababu maswali ya kesi hii ni ya kawaida mno. Ukumbi unafungwa usiku au uko wazi? Nani analala pale? Wageni wa vyumba vingine hupita wapi? Dari lina matundu mangapi? Polisi walikwenda moja kwa moja kwenye tundu lile au walipapasa kote? Na kuna moja ambalo ni lazima mumwulize mwenyewe kwa upole, akiwa na wakili: je, ni yeye aliyewaonyesha? Akiwa aliwaonyesha, hadithi yote inageuka. Jirani aliyeachiwa naye msimsahau. Aliyeachiwa haraka mara nyingine hurudi kizimbani akiwa shahidi wa Jamhuri.

Kuhusu hakimu kukataza kijana asijibu, hilo si dharau. Kusafirisha dawa za kulevya kumewekwa kwenye jedwali la Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, na kesi za uhujumu uchumi kwa asili ni za Mahakama Kuu. Mahakama ya chini inamtunza mshtakiwa tu mpaka upelelezi ukamilike. Baadaye Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kutoa kibali na hati ya kuipa mahakama ya chini mamlaka ya kuisikiliza. Siku hizo hati mbili zinapowasilishwa, wakili azisome zote mbili, zimetaja vifungu gani na mshtakiwa gani. Kesi nzima zimewahi kufutwa kwenye rufani kwa sababu kibali kilikuwa na kasoro na mahakama ikawa imesikiliza bila mamlaka.

Dhamana ipo. Sheria ya dawa za kulevya inataja aina na uzito ambao ukifika, si polisi wala mahakama inayoweza kutoa dhamana. Gramu 11.34 za heroini haziko huko. Kinachokwamisha kesi nyingi za namna hii ni kwamba mahakama ya chini husema haina mamlaka ya kutoa dhamana kwenye shauri la uhujumu uchumi, na familia zikaelewa kwamba dhamana imekataliwa. Haijakataliwa. Ombi linapelekwa Mahakama Kuu, Kanda ya Tanga, kwa maandishi pamoja na hati ya kiapo, na Jamhuri inapewa nafasi ya kujibu. Hapo ndipo kiwanja cha Pongwe kinapoweza kufanya kazi bila kuuzwa, kwa sababu mahakama mara nyingi hutaka mdhamini mwenye mali isiyohamishika. Tafuteni mapema wadhamini wawili wenye kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa, na muangalie kama kiwanja kina hati au kina karatasi ya mauziano tu. Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa mtaa inaweza kukataliwa, na ni bora kujua hilo sasa kuliko siku jaji amekubali na nyinyi hamna cha kuweka mezani.

Sasa tuje kwenye karatasi. Kesi za dawa za kulevya huvunjika au husimama kwenye karatasi kuliko kwenye maneno ya mashahidi.

Ya kwanza ni hati ya ukamataji, ile ya usiku ule. Inatakiwa ionyeshe kilichokamatwa, wapi, saa ngapi, nani alikuwepo, na sahihi za mwenye makazi na mashahidi. Mjumbe wenu alifika soksi ikiwa mezani. Je, amesaini kana kwamba aliona ikitolewa darini? Muulizeni sasa, kwa heshima, aliona nini hasa. Msimwelekeze aseme nini. Kumfundisha shahidi ni kosa, na wakili wa Serikali atamgundua kwa maswali mawili.

Upekuzi wa saa nne usiku nao una maswali yake. Kwa kawaida upekuzi unataka hati ya kuruhusu, na hati ya upekuzi hutekelezwa kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine. Upo pia upekuzi wa dharura usiohitaji hati, na Jamhuri hukimbilia huko. Basi swali ni dharura ilikuwa ipi. Kama taarifa ya msiri ilifika asubuhi na wakaenda usiku, dharura hiyo ina umri wa saa kumi na mbili. Lakini tuseme wazi: kasoro ya upekuzi haifuti kesi yenyewe kwa yenyewe. Mahakama ina hiari ya kupokea au kukataa ushahidi uliopatikana kwa kukiuka utaratibu, kwa kupima uzito wa ukiukwaji. Anayewaambia "waliingia usiku, basi kesi imekwisha" anawauzia matumaini.

Ya pili ni safari ya kielelezo. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika rufani ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, mahakama zetu hutaka kuona mfululizo wa kumbukumbu: nani alikamata, nani alitunza, nani alipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, nani alirudisha, na kilikaa wapi mpaka kufika mahakamani. Fuateni idadi na alama. Kete zilihesabiwa 58 nyumbani. Zilihesabiwa ngapi kwa mtunza vielelezo? Ngapi zilifika maabara? Bahasha ilifungwa kwa lakiri mbele ya nani, ikaandikwa alama gani? Tarehe ya kupokelewa maabara inalingana na tarehe ya kutoka stoo? Heroini ni unga, inabadilishwa au kuongezwa kirahisi, hivyo mahakama huwa kali zaidi hapa kuliko kwa kitu kisichobadilika mikononi, kama gari. Uzito nao uulizwe: gramu 11.34 ni unga mtupu, au pamoja na karatasi za nailoni zilizofungiwa? Kete 58 zina vifungashio 58, na kwenye mzani mdogo hilo si jambo la kupuuza.

Ya tatu ni maelezo ya onyo, yale aliyosaini kituoni. Polisi wana saa nne za msingi za kumhoji mtuhumiwa tangu alipowekwa chini ya ulinzi. Muda wa kumpeleka kituoni hauhesabiwi, na muda wa kuhoji unaweza kuongezwa, ila kwa utaratibu. Maelezo yake yalichukuliwa siku ya pili. Kwa hiyo wakili ataangalia saa iliyoandikwa juu ya karatasi, ataulizia nyongeza ya muda, na atauliza kama aliambiwa haki yake ya kuwasiliana na wakili au ndugu. Ile ahadi ya "utalipa faini tu" nayo ina uzito wake, kwa kuwa kukiri kwa kurubuniwa si kukiri kwa hiari. Ila pingamizi lina wakati wake. Linatolewa pale Jamhuri inapoomba maelezo yapokelewe, kabla hayajapokelewa, na mahakama husimamisha kesi ifanye uchunguzi mdogo kama yalitolewa kwa hiari. Likitolewa kwenye utetezi, miezi baadaye, linaonekana limetungwa. Washtakiwa wasio na wakili hupoteza hapa kuliko mahali pengine popote.

Hatua nyingine inayopita kimyakimya ni usikilizwaji wa awali. Wakili wa Serikali husoma maelezo ya kesi, na mshtakiwa huulizwa yapi anakubali. Anachokubali huhesabiwa kimethibitishwa, hakiletewi shahidi. Kijana akisema "ndiyo" kwa sentensi ndefu inayoanza na jina lake na kuishia na "alikutwa na kete 58", ameshakubali kesi nusu. Akubali jina, umri, makazi na tarehe ya kukamatwa. Mengine aseme hakubali.

Kuhusu yule bwana wa nje ya mahakama. Milioni 4 si kiasi cha kushtua kwa kesi ya miaka 30. Kinachoshtua ni bila risiti na "kuna mtu ninayemfahamu". Hiyo ni lugha ya kishoka, wakili bandia, na fedha inayoombwa hivyo ni ya rushwa, ambayo humtia hatiani hata mtoaji. Mwombeni jina lake kamili kama lilivyo kwenye leseni, kisha liangalieni katika e-Wakili, mfumo wa Mahakama unaoonyesha mawakili walioandikishwa na kama leseni ya mwaka iko hai. Shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu wakili. Lazima apite Shule ya Sheria, aapishwe na Jaji Mkuu, na ahuishe leseni kila mwaka. Akiwapa jina la utani au akisema mfumo haufanyi kazi leo, muageni.

Mkipata majina mawili matatu halisi, kwa mfano kupitia Chama cha Wanasheria Tanganyika, ingieni TanzLII, ambako hukumu za Mahakama Kuu na za Rufani husomwa bure. Tafuteni jina la wakili pamoja na neno linalohusu dawa za kulevya. Mtaona kama amewahi kusimama kwenye kesi hizi na hoja zake zilikuwa zipi. Msihesabu alizoshinda tu. Wakili aliyeshindwa akiwa amebishania kielelezo ipasavyo ni bora kuliko asiyewahi kuzigusa.

Mkikaa naye, sikilizeni anauliza nini. Anayeanza na "hati ya mashtaka iko wapi, hati ya ukamataji mna nakala, alihojiwa saa ngapi" anajua kazi. Anayeanza na bei na uhakika wa kushinda, hapana. Kuna swali dogo la kumpimia: hati ikishapokelewa kuwa kielelezo, inatakiwa kufanywa nini? Jibu ni kusomwa kwa sauti mahakamani, ili mshtakiwa aelewe kilichomo. Isiposomwa, huondolewa kwenye kumbukumbu wakati wa rufani. Asiyejua hilo hajakaa kwenye kesi za jinai.

Ada muipange kwa hatua, kwa maandishi: kiasi gani cha ombi la dhamana, kiasi gani cha kusikiliza kesi mpaka hukumu, na kama rufani imo au haimo. Andikeni pia nani atasimama siku yeye akiwa na kesi Korogwe au Lushoto. Risiti kila malipo. Na lazima aende Maweni kuzungumza na mteja wake mwenyewe. Maelekezo ya dada hayatoshi.

Fedha ikikosekana kabisa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamruhusu hakimu au jaji kuthibitisha kwamba mshtakiwa hana uwezo na kwamba haki inataka apewe wakili. Kijana aombe mwenyewe kizimbani, kwa sauti, ili iandikwe. Wasaidizi wa kisheria wa mtaani wanaweza kuwaandikia barua na kufuatilia nakala, na wengi ni watu wa msaada sana, lakini hawaruhusiwi kusimama mahakamani kama mawakili.

Huenda Jamhuri ikaleta wazo la makubaliano ya kukiri kosa, utaratibu uliopo tangu 2019. Kwa dawa za kulevya utaratibu huo hauruhusiwi pale thamani inapozidi shilingi milioni 20. Asikubali wala kukataa kabla wakili hajaona ripoti ya Mkemia, maana bila ripoti hakuna anayejua kesi ina nguvu kiasi gani. Na uvutaji wake, nje ya kesi, unatibika. Akipata dhamana, mpelekeni kwenye matibabu ya waraibu kwa ajili yake mwenyewe, na mwambieni wakili kabla hamjaanza, ajue kumbukumbu hizo zipo.

Msemo wa "waja leo waondoka leo" haufai kwa Maweni, kesi hii itachukua miezi. Kwa hiyo kuna kazi isiyongoja wakili. Wapangaji wa vyumba vile sita wataanza kuhama. Andikeni leo majina yao, namba za simu, na nani alikuwa chumba kipi usiku ule. Pigeni picha ukumbi kuanzia mlango wa barazani hadi uani, dari na matundu yake yote, na mlango wa mdogo wako uonekane kwenye picha hiyohiyo. Kama mwenye nyumba ana daftari la kodi, muombeni aruhusu lipigwe picha ukurasa wa mwezi ule, kabla hajapaka chokaa na kubadilisha dari.